Terraform kwa kazi ya ruhusa za klaudi: daftari safi, ila usiliite askari

Hii riviu ni ya Terraform, programu ya kupanga mambo ya klaudi (kompyuta za kukodi mtandaoni) kwa kuandika mafaili, lakini si Terraform yote. Sitaongelea kuunda maseva wala mitandao, hayo watu washayasema mpaka yamechacha. Naongelea kazi moja tu ambayo nimeifanya nayo mwaka na nusu sasa, kazi ya ruhusa, yaani nani aingie wapi kule klaudi na akishaingia afanye nini.

Ofisi yetu iko hapa Mombasa, ghorofa ya tatu upande wa Nkrumah Road, tumezungukwa na maofisi ya klaringi na sisi wenyewe kazi yetu ni mfumo wa kufuatilia karatasi za mizigo ya bandarini. Si kampuni kubwa, watu kumi na mmoja ukimhesabu na dada anayetuletea chai na mahamri saa nne. Data yetu imekaa klaudi mbili, Google Cloud ndo nyumba yenyewe, AWS ya Amazon ni kama kibanda cha uani, mafaili ya zamani na bekapu. Ruhusa tulikuwa tunapeana kwa mkono. Mtu akitaka kitu anakuja mezani kwako, "kaka nifungulie ile baketi", unaingia kwenye konsoli (ukurasa wa kuendeshea klaudi, na baketi ni ghala la mafaili huko), unabonyeza, keshaingia, mnarudi kwenye chai. Miaka minne hivyo.

Halafu mteja mmoja mkubwa akatuletea mkaguzi. Mtu mpole, hana haraka, akauliza swali moja lenye mikia mitatu: nani anaweza kufungua baketi yenye nakala za vitambulisho vya wateja, nani alimruhusu, na lini. Mkia wa kwanza tuliujibu kwa siku tatu za skrinshoti. Hiyo miwili mingine tukabaki kutazamana. Tena tulivyokuwa tunachimba tukakuta kijana wetu aliyehamia Doha kitambo bado ana Editor, yaani ruhusa ya kubadilisha karibu kila kitu, kwenye projekti nzima, na kuna akaunti ya huduma (ya programu, si ya mtu) inaitwa test2 ambayo hakuna mtu ofisini aliyekubali kuwa ni mwanawe.

Utasema si kuna logi, kumbukumbu za matukio? Zipo, lakini logi za Google za mabadiliko ya kiadmini hukaa siku 400 halafu zinaondoka, na AWS ile historia ya CloudTrail unayopewa bure ni siku 90 tu, usipojipangia kuzihifadhi mwenyewe mahali ndo ishatoka hiyo. Kijana wa Doha alipewa ruhusa zamani kuliko hapo. Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walisema, na sisi mali tulikuwa nayo tele, daftari ndo hatuna. Na usisahau tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, data za watu zikivuja una saa 72 za kumwarifu Kamishna, na faini inaweza kufika milioni 5 za shilingi au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo. Bosi wetu, mama mmoja wa makamo, sote twamwita Mama, aliposikia hiyo milioni 5 alivua miwani akaiweka mezani akaniambia, "Mwanangu, hilo jambo ulimalize." Hapo ndo nikaingia Terraform.

Kwa asiyejua, haraka haraka: ni programu ya HashiCorp, imetoka 2014, unaandika kwenye faili hali unayoitaka iwe, mfano "kikundi cha uhasibu kisome baketi ya ankara", halafu yenyewe inaangalia klaudi ikoje, inakuonyesha tofauti, ukikubali inafanya. Kuonyesha ni terraform plan, kufanya ni terraform apply. Ile ya kukaa kwenye kompyuta yako ni bure, na IAM zenyewe (mifumo ya ruhusa) za AWS na Google hazina bili, kwa hivyo gharama ni muda wako na kichwa chako. Na bandeli zako pia, manake ile providaa ya AWS (kiungo cha kuongea nayo) peke yake ni mamia ya MB na inajishusha upya kwa kila folda kama hujaiwekea kashe, mahali pamoja pa kuihifadhi, mimi nilimaliza bandeli ya wiki kwa asubuhi moja kabla sijajua kuna kitu kinaitwa TF_PLUGIN_CACHE_DIR. Weka hiyo siku ya kwanza, utanikumbuka kwa dua.

Kuhamisha ruhusa zilizopo kuziingiza kwenye mafaili ndo kazi iliyonitoa jasho. Toka toleo la 1.5 la 2023 unaweza kuandika kipande cha import na ukaiambia ikutungie faili yenyewe kwa -generate-config-out, na inatunga kweli, lakini ile kitambulisho cha kuimport ruhusa ya projekti ya Google ni maneno matatu yaliyotenganishwa na nafasi, jina la projekti, fungu la ruhusa, halafu mtu, na ukikosea nafasi moja inakukatalia. Nilifanya hivyo usiku wa Ramadhani, baada ya tarawehe mpaka karibu na daku, kahawa chungu na kashata pembeni, ruhusa mia na kitu. Ruhusa za watu ambao akaunti zao zilishafutwa zinakuja na neno deleted mbele ya jina, nilikuwa nazihesabu kama mtu anayepita makaburini. Lakini kusema kweli ule usiku ndo ulikuwa faida kubwa kuliko yote yaliyofuata, manake kwa mara ya kwanza nliona kila ruhusa kwa macho yangu ikiwa imeandikwa mstari wake, na nusu yake hakuna aliyeweza kunambia ni ya nini.

Ninachokipenda sasa. Mtu akitaka ruhusa haji mezani. Anaandika, au ananiomba nimwandikie, mistari minne mitano kwenye Git (programu inayotunza historia ya mafaili), na juu ya hiyo mistari tuliweka sheria ya ofisi: lazima uandike kwa nini, kwa Kiswahili cha kueleweka. Mwengine anasoma, anauliza, anakubali au anakataa. Kuna mmoja aliandika "nataka Editor kwa sababu nataka kufanya kazi", dada wa uhasibu, ambaye hata si mtu wa kompyuta, ndo aliyemjibu, "kazi gani?" Ikaonekana alichokuwa anataka ni kusoma logi tu. Kwa konsoli angepewa Editor na chai ingeendelea. Mimi hiyo ndo naiita thamani ya hiki kitu, ile spidi wanayoisifu mimi siioni, tena kupeana ruhusa kumekuwa polepole zaidi, lile swali la "kazi gani" sasa lina mahali pa kukaa na jibu lake haliendi na upepo.

Sasa tuje kwenye uchungu.

Google Cloud upande wa ruhusa za projekti, Terraform inakupa njia tatu zenye majina yanayofanana, google_project_iam_member, google_project_iam_binding na google_project_iam_policy. Ukizisoma haraka utadhani ni ndugu. Si ndugu. Chukulia orodha ya wageni wa harusi. Member ni kuongeza jina moja chini ya orodha, waliopo hawaguswi. Binding ni kuandika upya orodha ya meza moja, na yeyote ambaye hukumtaja anainuliwa na sahani yake ya pilau mkononi. Policy ni kuandika upya orodha ya harusi nzima, na ukijisahau mwenyewe umetoka nje hata kama bwana harusi ni wewe. Maelezo rasmi yameonya hilo wazi kabisa, yameandikwa. Mimi sikuyasoma. Nilisoma mfano nikakopi.

Ilikuwa Alhamisi kama saa kumi na moja jioni, nataka kumpa divelopa wetu mpya fungu la roles/storage.objectAdmin, la kusimamia mafaili ya baketi, nikaandika binding yenye jina lake moja. Nikapiga plan. Ikaniambia: Plan: 1 to add, 0 to change, 0 to destroy. Moja ya kuongeza, sifuri ya kubadilisha, sifuri ya kuharibu. Sasa wewe ungehofia nini? Nikaaplai, nikafunga laptopu, nikaenda zangu Mama Ngina kula mihogo.

Kile ambacho sikukijua ni kwamba hiyo binding ilikuwa mpya kwenye daftari la Terraform, na Terraform haionyeshi kuondoa kitu ambacho haikijui. Kwake yeye anaongeza kitu kimoja. Kwa Google yeye anaandika upya orodha yote ya hilo fungu. Akaunti ya huduma inayopakia karatasi za mizigo ilikuwa kwenye ile orodha, na jina lake sikuliandika. Saa mbili usiku simu, karani wa mteja yuko geti la bandari, lori liko foleni, anafungua karatasi kwenye simu inaandika hana ruhusa. Dereva namsikia nyuma anapiga honi, na mimi nina muhogo mdomoni na pilipili kwenye vidole nataka kufungua laptopu ambayo iko ofisini. Nikadandia tuktuk. Kilichoniokoa ni logi, ukifungua tukio la SetIamPolicy Google anakuandikia nani katolewa na nani kaongezwa, nikawarudisha mmoja mmoja. Saa nzima lori limesimama. Mama hakunifokea, alininyamazia siku mbili, na wanaomjua wanajua afadhali kufokewa.

AWS nao wana mtego wa ukoo huo huo, aws_iam_policy_attachment. Jina lake ni tamu, unadhani inaunganisha sera (karatasi ya ruhusa) na mtu, kumbe inajifanya mmiliki pekee wa viunganisho vyote vya hiyo sera kwenye akaunti nzima, aliyeunganishwa kwengine anang'olewa. Tumia aws_iam_role_policy_attachment na wenzake wa user na group, hiyo ndefu ndo salama. Kwa hiyo kanuni yangu kwa anayeanza ni member tu, usiguse binding mpaka ujue nani yuko kwenye orodha, na policy iache kabisa labda projekti ni mpya haina hata panya.

Lakini hapa ndo pana ubishi wenyewe, na nimeona watu wengi wanaupita kama hawauoni. Member ni salama kwa sababu haimwangalii mwengine. Na kwa sababu hiyo hiyo, mtu akiingia konsoli usiku akajipa Owner (ruhusa kubwa kabisa) kwa mkono wake, asubuhi ukipiga plan Terraform anakwambia hakuna mabadiliko, kila kitu shwari. Hadanganyi, majina unayoyalinda yako sawa, huyo wa usiku hayumo kwenye daftari lake tu. Binding ingemuona na ingetaka kumtoa. Kwa hiyo unachagua, unataka kitu kisichong'oa watu kwa bahati mbaya au unataka kitu kinachoona wezi? Huwezi kupata vyote kwa mstari mmoja. Sisi tumefanya hivi, mafungu makali machache, yale ya kupeana ruhusa na ya kufuta data, tumeyaweka kwa binding baada ya kuhakikisha orodha mara tatu, mengine yote member, halafu kuna kijiprogramu kidogo nimekiandika kila alfajiri kinachukua orodha nzima ya ruhusa kutoka Google kinalinganisha na faili kinanitumia meseji. Hicho kijiprogramu si Terraform. Ndo maana kwenye kichwa nimeandika usiliite askari. Daftari la dukani halimkamati mwizi, linakwambia tu gunia moja halipo, na hata hilo ni mpaka uhesabu.

Kuhusu faili ya steti. Terraform anaweka kumbukumbu yake kwenye faili, na ndani yake siri zimeandikwa wazi kama barua ya mapenzi. Ukiunda funguo za AWS kwa aws_iam_access_key bila kuweka ufunguo wa PGP (wa kuisimba), ile siri yake inakaa humo humo yeyote mwenye faili anaisoma. Ajabu ya mambo, umekuja kupanga ruhusa vizuri halafu ruhusa zote umeziacha kwenye faili moja kwenye desktopu. Weka steti kwenye baketi inayotunza matoleo ya zamani, wapewe watu wawili tu kuiona, na funguo za kudumu usiziunde huko kabisa. OpenTofu, ndugu yake Terraform nitakayemtaja mbele, toka 1.7 anaweza kuifunga steti kwa usimbaji, na hapo kampita mwenzake.

Na kufuli. Terraform akiwa kazini anafunga steti ili wawili wasiandike pamoja, upande wa S3 (mabaketi ya AWS) zamani ulihitaji meza ya DynamoDB (databesi ya AWS) kwa ajili hiyo, toka 1.10 anaweza kufunga na S3 peke yake, mambo mepesi. Kwetu stima ikipotea katikati ya apply, na Mombasa mwezi wa pili na joto lile stima kupotea si habari, kufuli linabaki limefungwa na mwenye ufunguo yuko gizani. Kuna amri ya force-unlock ya kulifungua, lakini hakikisha kwanza kweli hakuna anayeandika. Baada ya mara ya pili nikaacha kabisa kuaplai kutoka laptopu, kila kitu kikaenda kwenye paipulaini, mtambo unaoaplai wenyewe, inayokaa mbali na transfoma za mtaa wetu.

Paipulaini nayo ina lake. Ili Terraform apeane ruhusa lazima yeye mwenyewe awe na ruhusa ya kupeana ruhusa. Fikiria hapo kidogo. Umewanyang'anya watu kumi funguo kubwa, zote umempa roboti mmoja, na yeyote anayeweza kuingiza mstari kwenye tawi kuu la Git anamwamuru yule roboti. Sisi mwanzo tulikuwa na funguo ya kudumu ya hiyo akaunti imekaa kwenye mipangilio ya paipulaini, kila nikiikumbuka nasikia baridi. Siku hizi tunatumia OIDC, njia ya kujitambulisha bila funguo ya kudumu, GitHub Actions (paipulaini yenyewe) anapewa kitambulisho cha muda mfupi na AWS anakikubali, hakuna funguo ya kuibiwa. Lakini angalia ile sharti ya sub (ni nani anayeomba) kwenye sera ya kuaminiana, lazima utaje hazina yako ya Git na tawi lako, ukiacha nyota pana (*, yaani yeyote) tu unaweza kuwa umemfungulia mtu wa hazina nyengine kabisa duniani. Na mstari wa ruhusa hauingii tawi kuu bila macho ya pili, hata wangu. Tena hasa wangu, baada ya ile Alhamisi.

Kitu ambacho Terraform hatakufundisha ni ruhusa yenyewe iandikweje. Yeye ni karani, anaandika unachomtamkia. Kijana wetu alihangaika nusu siku, kampa mtu s3:GetObject (kusoma faili) na s3:ListBucket (kuorodhesha) zote juu ya anwani moja inayoishia na mkwaju na nyota (/*), plan safi, apply safi, mtu bado haorodheshi kitu. Manake ListBucket inataka anwani ya baketi lenyewe na GetObject inataka ya vilivyomo ndani, ni mistari miwili tofauti. Terraform haoni kosa, sera ni halali kabisa, haifai tu. Pia kuna lile jambo la AWS kuchelewa kusambaza, umeunda role (utambulisho wenye ruhusa) sasa hivi ukiitumia papo hapo inakataa, ukingoja kidogo inakubali, wageni wanadhani wamekosea wanaanza kubadilisha vitu ambavyo vilikuwa sawa. Na sera ya kujitegemea ya AWS mwisho wake herufi 6,144, ukitaka kutaja kila baketi kwa jina utafika, mimi nilifika.

Kwa kujua nani anatumia nini, IAM Access Analyzer wa AWS anaweza kukutungia sera kutokana na yale mtu aliyoyafanya kwenye CloudTrail, na Google ana mshauri wake anayeangalia matumizi mpaka siku 90 na kukwambia huyu mpunguzie. Nilimtumia huyo wa Google kupunguza Editor tisa mpaka moja. Huyo mmoja nitamrudia.

Kitu kidogo kilichonifurahisha kuliko nilivyotarajia ni ruhusa zenye mwisho. Google unaweza kuweka sharti la muda, request.time iwe kabla ya tarehe fulani, na fundi wa nje wa mkataba wa mwezi anatoka mwenyewe bila mtu kukumbuka. Haifanyi kazi na yale mafungu ya kizamani ya Owner, Editor na Viewer, na ule mstari unabaki kwenye faili hata ukishaisha muda, kwa hivyo kila mwezi nafagia. Lakini yule kijana wa Doha angekuwa na tarehe, mkaguzi asingemkuta.

Laiseni, manake nimeulizwa. Agosti 2023 HashiCorp walitoka laiseni huria ya MPL wakaingia BSL yenye masharti, watu wakakasirika, ikazaliwa OpenTofu chini ya Linux Foundation, toleo lake la kwanza rasmi, 1.6, likatoka Januari 2024. Baadae IBM wakainunua HashiCorp, dola bilioni 6.4, wakamaliza 2025. Kwa mtu kama mimi anayeitumia ndani ya ofisi yake hiyo BSL haimgusi, inamgusa anayetaka kuuza huduma ya kushindana nao. OpenTofu nimeijaribu kwenye projekti yangu ya nyumbani, unaandika tofu badala ya terraform na vingi ni vile vile. Ofisini bado sijahama, sababu ni uvivu, sitaki kuipamba. Pulumi wapo, unaandika kwa Python au TypeScript, kama timu yako yote ni madivelopa inaweza kuwapendeza zaidi. Mimi nataka dada wa uhasibu asome, na lugha ya Terraform ukishaizoea inasomeka kama orodha ya sokoni.

Nani asiitumie? Kama mko watatu na projekti moja, wekeni watu kwenye vikundi, andikeni kwenye karatasi mkaitundike ukutani, mtakuwa mbele ya wengi. Vikundi hata hivyo ni lazima, ukianza kuandika majina ya watu mmoja mmoja kwenye Terraform kila mtu akiacha kazi unafungua faili kumi. Sisi faili linataja vikundi tu, mtu anaingia na kutoka kwenye kikundi. Na wekeni akaunti moja ya dharura nje ya Terraform kabisa, paswadi kwenye bahasha ndani ya sefu, manake siku paipulaini ikifa hutaki kujua kwamba ruhusa ya kurekebisha paipulaini inatolewa na paipulaini.

Nyota ngapi, nne kwa tano. Moja nimeitoa kwa ile "1 to add", najua kosa ni langu na onyo lilikuwepo, lakini nyota ni zangu.

Mkaguzi alirudi mwaka huu. Akauliza lile lile swali na mikia yake mitatu, nikafungua faili, nikamwonyesha mstari, nani aliomba, nani alikubali, tarehe, na sababu kwa Kiswahili. Dakika kumi na tano, mahamri yalikuwa bado ya moto. Akashuka na kidole mpaka chini akasimama kwenye ule mstari wa Editor uliobaki.

"Na huyu?"

Ni Mama. Alipewa siku kampuni inaanza na hajawahi kuingia konsoli hata mara moja, mshauri wa Google mwenyewe anapiga kelele kila wiki. Mabadiliko ya kumtoa nishayaandika, yako kwenye Git toka Februari, safi, plan imepita. Yanasubiri macho ya pili tu, na kwa mafungu makubwa kama lile tulikubaliana muidhinishaji awe yeye.